Msichana Uliyeniachia, Marita

Marita,

Mama yako amenikataza kukuandikia. Anasema marehemu haandikiwi, huombewa. Nikamwambia maombi nimeshatuma mengi, na haya niliyo nayo sasa hayafai kusemwa mbele ya Mungu. Akacheka kidogo, akanifungia viazi kwenye kitambaa, akasema basi niandike, ila nisikulaumu sana kwa sababu huwezi tena kujitetea.

Nitakulaumu. Leo ni Jumapili mchana, Naomi amelala, baba yake yuko zamu stesheni, na majirani wangu wote hapa kwenye nyumba za reli wameenda ibada ya pili. Hakuna wa kunisikia nikigombana na karatasi.

Kwanza, hukuniambia unaumwa. Ulikuja hapa na shali shingoni, unakohoa, nikakuuliza, ukasema ni mvua tu, mvua ikiisha na kikohozi kitaisha. Mvua haikuisha. Siku chache baadaye naletewa habari kazini kwamba uko wodini, mapafu yamejaa, na nilipofika ulikuwa huwezi kusema. Wewe, ambaye mdomo wako haukuwahi kwenda likizo. Nilikaa pale nimekushika mguu juu ya blanketi, maana upande wa kichwani walijaa wauguzi. Sikupata kwako hata neno moja. Halafu nakuja kusikia kuna mtu ulimwambia maneno mengi tu kabla sijafika, na mtu huyo si mimi. Nitafika huko.

Walikuzika Kabazi, kwenye ile kona ya shamba la mzungu ambapo mama yako amejengewa kibanda. Tulihitaji kibali kwa sababu ya Hali ya Hatari, watu wengi hawaruhusiwi kukusanyika mahali pamoja, kwa hiyo ulizikwa huku askari amesimama kando, kofia mkononi, hajui kama anatulinda au anatuchunga. Mchungaji alisema ulikuwa taa. Nilitamani kumwambia taa haikohoi kimyakimya hadi ikafa.

Pili, ule Umoja wako.

Nakubali lilikuwa wazo zuri. Nilikuwepo lilipozaliwa. Tulikuwa wanawake wawili katika chuo kizima cha habari, wewe na mimi, na kwa sababu hapakuwa na bweni la wanawake wakatulaza katika stoo ya karatasi, jirani na mtambo wa kuchapia. Mwaka mzima nywele zetu zilinuka wino. Kazi zetu zilirudi na mistari myekundu, na hapakuwa na mtu wa kutuambia kosa ni lipi, kwa sababu wavulana waliotutangulia walikuwa wameenda zao na hawakurudi hata kusalimia. Ndipo siku moja ukaketi juu ya bunda la karatasi, miguu inaning'inia, ukasema: "Tukitoka hapa salama, atakayekuja nyuma yetu asikose mtu wa kumuuliza."

Na ukafanya. Ulipoajiriwa kufundisha pale pale chuoni, ukawaandikia wote waliomaliza, ukawaita, ukawaambia kila mmoja amshike mkono mwanafunzi mmoja mpaka amalize. Walikuja kwa sababu yako. Mimi nilikuja mara mbili, kisha nikakuambia nina mtoto na ukurasa wa akina mama gazetini unanitosha. Ulinitazama tu. Ulijua kutazama, wewe.

Sasa nikuambie Umoja wako ulivyo bila wewe. Mkutano wa kwanza baada ya mazishi, Bwana Filemoni akachaguliwa mwenyekiti. Ndiyo, Filemoni yule yule wa darasa letu, aliyekuwa akisimama kuuliza swali na darasa likaisha kabla swali halijaisha. Siku hizi yuko idara ya habari ya serikali, anazunguka na lori la kipaza sauti kuwatangazia watu chanjo ya ng'ombe. Anavaa saa mbili, moja mkononi na moja ya mfukoni. Basi alikusifu kwa muda mrefu sana, kisha akasema jambo la kwanza la haraka ni tai.

Tai, Marita. Tai ya Umoja, ili wanafunzi wa zamani watambulikane. Wakabishana kama iwe ya kijani yenye mistari ya dhahabu au ya bluu yenye kitabu. Mmoja akasema kitabu kitaonekana kama matofali. Nje, wanafunzi waliongoja wapangiwe watu wa kuwaongoza walikaa juani wamevaa nguo zao nzuri, na mimi nilikuwa ndani nawamiminia hao wazee chai, kwa sababu mwanamke akiwa peke yake chumbani birika hujua njia ya kumfikia.

Nilipotoka kwenda kuongeza maji wakapiga kura. Niliporudi wakaniambia nimepewa msichana wako, Jeruto, yule uliyekuwa ukimwongoza. Filemoni akasema, "Ni wanawake, wataelewana."

Hatukuelewana.

Alikuja Jumamosi ya kwanza kabla sijamaliza kufua. Binti mrefu kutoka upande wa Ravine, viatu mkononi ili visichakae, na sauti, ee Bwana, sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi wa ng'ambo ya bonde. Hakubisha hodi, aliitangaza. Nikampa stuli, nikampa chai, nikamwambia tuanze na namna ya kuandika mwanzo wa habari. Akasema, "Dada Marita alisema mwanzo huja mwisho. Mtu aandike yote kwanza, kisha atafute mwanzo uko wapi."

Nikamwambia sawa, lakini mimi nafundisha hivi. Akakubali. Baada ya muda mfupi: Dada Marita alisema usitumie neno ambalo bibi yako hawezi kulitumia. Dada Marita alisema mwandishi asiyeuliza jina la mtu hajauliza kitu. Hilo la jina, Marita, nilikuambia mimi! Nilikuambia katika stoo ya karatasi uliporudi na habari ya yule mwendesha mkokoteni na hujui anaitwa nani. Umelichukua, umelifundisha kama lako, na sasa linarudi nyumbani kwangu kunifundisha mimi.

Jumamosi baada ya Jumamosi ilikuwa hivyo. Haandiki ninayomwambia, anasema yatakaa kichwani, na kinachoudhi zaidi ni kwamba yanakaa. Anamuuliza mume wangu maswali kuhusu mabehewa mpaka chakula chake kinapoa. Alimfundisha Naomi kupiga mluzi. Kisha kuna lile la matamshi. Unajua watu wa kwao, "b" ikitoka inakuwa "p". Akisoma taarifa husema "hapari za mchana." Nikamwambia hilo tulirekebishe, hakuna redio itakayomchukua mtu wa "hapari." Akanitazama kwa upole, kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Dada Marita alisema niliache. Alisema watu wa kwetu wakisikia hivyo watajua redio nayo ni yao."

Nikapasua nyanya niliyokuwa nimeishika. Si kwa hasira. Labda kwa hasira.

Nadhani ungekuwa hai tungebishana juu ya hilo mpaka jioni, kisha ungeshinda, kisha ningesema hukushinda. Lakini na nani sasa? Huwezi kubishana na mtu kupitia msichana. Anasema ulivyosema, na hapo ndipo mwisho. Huongezi neno, hubadili nia, huchoki. Ulikuwa mbishi ukiwa hai, Marita, lakini ukiwa umekufa huvumiliki.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Palitangazwa kwamba bwana mmoja wa redio kutoka Nairobi atapita chuoni kusikiliza wanafunzi, kwa kuwa wanatafuta vijana wa kusoma taarifa za Kiswahili. Mkuu wa chuo, yule mzungu mpya, si wetu wa zamani, akauomba Umoja uandae siku hiyo. Heshima kubwa. Kila mwanafunzi asome mbele ya mgeni, na aliyemfundisha awe kando yake. Jeruto alijizoesha mpaka jirani yangu akaja kuuliza kama kuna msiba.

Siku ikafika. Viti vikapangwa, kipaza sauti kikatolewa kwenye lori la Filemoni, askari wa kibali akakaa nyuma akasinzia. Filemoni akasimama kumkaribisha mgeni. Akaeleza historia ya chuo. Akaeleza historia yake mwenyewe. Akasema iko siku chuo hiki kitakuwa tawi la chuo kikuu cha kweli, na watoto wetu watasomea hapa habari kama wengine wanavyosomea udaktari. Ni kweli lilikuwa neno zuri, na angelikomea hapo ningempigia makofi. Hakukomea. Akamwita katibu. Katibu akamwita mweka hazina. Wanafunzi wa zamani wakasimama mmoja baada ya mwingine kusema walivyoteseka katika siku zao, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba siku hiyo haikuwa yake. Niliwatazama wanafunzi. Walishika karatasi zao hadi zikalowa jasho.

Waliposoma wavulana wawili, mgeni akatazama saa, akasema anasikitika, gari la moshi halimngoji mtu. Akashukuru, akaondoka.

Jeruto alikuwa wa tatu.

Sijui nilichofikiri. Huenda sikufikiri. Nilimshika mkono, nikamwambia twende, tukashuka kile kilima kwa mguu kupita sokoni, mimi na gauni langu la Jumapili na yeye na viatu vyake mkononi, hadi stesheni. Gari lilikuwa bado linanywa maji. Mgeni alikuwa ameketi dirishani daraja la pili, amekwisha kufungua gazeti. Nikamwambia, bwana, huyu hukumsikia. Alikuwa mtu mwenye adabu, nikiri hivyo. Akatoa lile gazeti kupitia dirishani, akamwonyesha habari moja, akasema asome.

Jeruto akaitazama ile habari. Ilikuwa ya bei ya mahindi na barabara iliyoharibika huko chini Mai Mahiu, malori yamekwama, maandishi ya kikoloni makavu kama kuni. Akakunja gazeti. Akaisema. Hakuisoma, Marita, aliisema, kama mtu aliyetoka huko sasa hivi na matope bado yako miguuni, na kwa kuwa injini ilikuwa inapiga kelele aliinua sauti yake ile ya bonde. Nikaona vichwa vinatoka madirishani daraja la tatu. Mama mmoja mwenye kuku akateremka kabisa. Wachukuzi wakaweka mizigo chini. Alipomaliza, mzee mmoja kutoka dirishani akasema, "Endelea basi, binti. Na barabara ya huku kwetu?"

Akaendelea. Akawaambia ya barabara ya kwao, kwa sababu alikuwa amepita huko akirudi kutoka nyumbani. Watu wakaongezeka.

Mgeni akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mimi, si yeye, kwamba sauti ni nzuri sana, lakini hakusoma kilichoandikwa, matamshi ni ya bara, na isitoshe hawana nafasi ya msichana. Nikamsihi. Nilimsihi mbele ya watu wale wote. Nikasema matamshi tutarekebisha, nikasema mpe hata kazi ya kubandika bahasha. Filimbi ikalia, akanyoosha mkono kuchukua gazeti lake, gari likaondoka.

Njiani kurudi Jeruto alitembea mbele yangu, viatu bado mkononi, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ana huzuni. Alikuwa na hasira. Tulipofika penye ile michongoma ya nyumba za reli akasimama akasema, "Dada Marita hangembembeleza mtu."

Basi nikapasuka. Nilimwambia, "Marita amekufa. Unasikia? Amekufa, hasemi kitu, na mimi ndiye niliyebaki hapa na wewe."

Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti. Kazini nilisema umetutoka. Kwa Naomi nilisema umeenda kwa Yesu. Pale barabarani, watu wakipita na vikapu, nikalisema lilivyo, kisha nikakaa kwenye nyasi na gauni langu.

Jeruto akakaa kando yangu. Akasema, "Najua amekufa, Mama Naomi. Mimi ndiye nilikuwa nikimpelekea uji."

Ndivyo nilivyojua. Kwamba ulipoanza kuzidiwa ulimwita yeye, kwa kuwa alikuwa karibu, pale chuoni, na ukamkataza asinijulishe mpaka mvua ipungue, ili nisimwache Naomi na surua yake. Na kwamba siku ya mwisho uliyoweza kusema ulimwambia hivi juu yangu: "Utapewa Tabitha. Atakuchukia kwanza. Usimkimbie."

Nilicheka nikilia, kamasi na vyote. Kumbe ulipanga. Umelala pale mapafu yamejaa maji na bado unapanga watu. Hukungoja hata hao wazee na kura yao. Na kwa nini hukuniambia mwenyewe? Ningemwacha mtoto kwa jirani. Ningekuja. Ulikuwa na haki gani ya kuniamulia?

Haya. Nimetulia. Nimeenda kumchungulia Naomi, bado amelala.

Mambo hayakuishia hapo. Stesheni masta alipeleka malalamiko kwamba mwanafunzi wa chuo alikusanya umati stesheni bila kibali, na siku hizi neno umati linatosha kumtia mtu ndani. Mkuu wa chuo akaogopa. Akasema Jeruto atafukuzwa, isipokuwa kama Umoja wa wanafunzi wa zamani utakuja kumdhamini kwa maneno.

Nikawaendea mmoja mmoja. Yule wa posta akaniambia ana watoto. Nikamwambia hata mimi ninaye. Yule anayechapa kwa mhindi akasema angekuja ila tajiri wake hampi ruhusa, na nilipotoka nikamsikia tajiri wake akimuuliza mbona hataki kwenda. Mwalimu wa Njoro akanishauri nivumilie, wasichana huolewa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikapika ugali ukaungua, mume wangu akaula bila kusema neno, na hilo nalo likaniudhi.

Kwa Filemoni sikuenda. Nisingeweza. Kwa sababu yake msichana hakusikilizwa, na sasa nikamwangukie miguuni?

Siku ya shauri tuliingia ofisini wawili tu, mimi na Jeruto. Mkuu alikuwa na karatasi ya stesheni masta mezani, na uso wa mtu ambaye ameamua tayari lakini anataka kusali kwanza. Nilianza kumweleza yaliyotokea stesheni. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Filemoni na saa zake zote mbili.

Hakunisalimia. Akavuta pumzi, nami nikajua kinachokuja, nikafumba macho. Akaanza na historia ya chuo. Akapita katika historia yako, Marita, ulivyoanzisha Umoja. Akaeleza kazi yake ya lori la kipaza sauti, kwamba serikali inawalipa watu kuwakusanya wananchi wasikilize habari za barabara na mahindi na wananchi hawaji, na hapa kuna binti amewakusanya bila gharama. Akamweleza Mkuu tofauti kati ya mkutano na wasikilizaji. Akaieleza tena. Mkuu alijaribu kuingia kati mara kadhaa, lakini unamjua Filemoni, hana mahali pa kuingilia. Jua lilihama kutoka meza hadi ukutani. Mwishoni Mkuu aliweka kalamu chini akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa mieleka, "Abaki. Abaki, Bwana Filemoni, nimeelewa."

Filemoni akasema bado ana neno moja.

Marita, nilichukia kushukuru kuliko nilivyowahi kuchukia jambo lolote. Tulipotoka nje nikamwambia asante. Akasema alikuwa amesikia habari kwa watu, na kwa nini sikumwendea, kwani yeye si wa Umoja? Nikamwambia ukweli, kwamba siku ile hotuba zenu ndizo zilizommaliza binti huyu. Akanyamaza. Filemoni, akanyamaza! Kisha akasema polepole kwamba tangu ufe anaogopa mkutano ukiisha, kwa sababu ukiisha kila mtu ataenda kwake na labda hawatarudi. Wewe ulikuwa ukiwaita wanakuja. Yeye hajui kuita. Anajua kusema tu.

Nilimtengenezea kola iliyokuwa imekunjika, tukaagana.

Jeruto alifungiwa chuoni mpaka muhula uishe, haruhusiwi kutoka getini, kwa hiyo ikawa mimi wa kupanda kile kilima kila Jumamosi. Walikuwa wakiniweka naye katika stoo ya karatasi. Bado inanuka vile vile. "Hapari" yake nimeiacha, si kwa sababu ulisema, ila kwa sababu nilikuwa pale stesheni nikaona nyuso za watu. Usijidai.

Amemaliza sasa. Filemoni amemchukua kwenye lori lake. Wanakwenda mashambani, anasimama juu ya lori kuwaeleza watu mambo ya chanjo, na Filemoni anakaa mbele na dereva akilalamika kwamba hampi nafasi ya kukaribisha. Mara ya mwisho walifika hadi Naivasha, kule Kihoto kando ya ziwa, maji yameingia nyumbani mwa watu, akarudi na habari nikamwambia aiandike. Imetoka gazetini kwetu. Kila mtu ndani yake ana jina.

Juzi Umoja ulikutana kuwagawa wanafunzi wapya. Wasichana wamekuja watatu, Marita. Watatu! Jeruto alikaa nyuma kama mwanafunzi wa zamani mwenyewe, na Filemoni alipoanza kukaribisha akasimama kabla ya ruhusa akauliza nani anamchukua nani, maana watoto wako juani. Pakawa na kikohozi kingi. Akamchukua mmoja mwenyewe. Wa pili akampa yule wa posta, ambaye hakuthubutu kukataa. Wa tatu akanielekezea mimi kwa kidole, bila kuuliza, na uso ule ule wako.

Wangu anaitwa Eunice. Hasemi. Nimekaa naye alasiri nzima, nimemuuliza kila kitu, kanijibu "ndiyo" na "sijui", kisha akalia kwa sababu nilimuuliza anapenda habari za namna gani. Baada ya miezi yote ile ya kelele, nimepewa jiwe. Nilirudi nyumbani nikiongea na wewe barabarani, watu wananitazama.

Sitakuambia kwamba umenifundisha kitu. Unajua nisingesema hivyo ukiwa hai, na kufa hakukupi haki hiyo. Nitakuambia tu kwamba mahali pako pako wazi kila mahali ninapogeuka, na kwamba nimechoka kushinda mabishano kwa sababu hakuna anayejibu.

Mama yako ni mzima. Nitamwangalia. Kaburi lako nitalipalilia mvua zikipungua. Binti huyu asiyesema nitamngoja mpaka aseme, hata kama itakuwa siku anayomaliza.

Kwaheri, rafiki yangu wa stoo ya karatasi. Hasira yangu siahidi kuiacha. Jumamosi nitakuwepo.

Tabitha